Uzi Mweupe kwenye Kola

"Mwanangu, wewe unapenda nguo, au unapenda wenye nguo?"

Swali hilo Povu aliulizwa na jirani yao, mama muuza mkaa, asubuhi ya kwanza ya likizo, alipokwenda kuchukua kopo la mkaa wa kutia kwenye pasi. Alicheka kidogo, akapokea kopo lake, akageuka. Aliona ni maneno ya mtu aliyeamka na mdomo mwepesi. Nguo zinaletwa, zinafuliwa, zinachukuliwa. Mambo ya kupenda wenye nguo yametoka wapi? Lakini swali lile lilikuja kumrudia baadaye, na liliporudi halikumkuta akicheka.

Povu halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na mama yake, ambaye alikuwa dobi, kwa sababu alipokuwa anatambaa alipenda kutumbukiza uso kwenye beseni la sabuni na kuibuka na ndevu nyeupe. Mtaa mzima ukalishika jina hilo. Hata mwalimu wa hesabu alijisahau siku moja darasani akasema, "Povu, simama!" na darasa zima likaangua kicheko. Sasa Povu alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na yule aliyempa jina alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Baba alifariki zamani sana. Povu alimjua kwa picha tu. Kwa hiyo nyumbani walibaki wawili, yeye na bibi yake mzaa mama, mwanamke mwembamba, mjane, aliyezungumza na Mungu mara nyingi kuliko alivyozungumza na watu. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele, ambacho mlango wake ulifunguka barabarani, ndicho kilichokuwa cha kazi. Kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za mkaa zenye kichwa cha jogoo kwenye kifungio, rafu ya mafurushi, na benchi moja la wateja lililong'aa kwa kukaliwa.

Chumba hicho kinyozi mmoja wa mtaani alikuwa akikitamani. Alikwisha kuja mara mbili, kofia mkononi, kuulizia kodi. Kwa kodi yake bibi angeweza kununua sare na madaftari bila kuhangaika. Lakini Povu alimng'ang'ania bibi yake.

"Usimpe, bibi. Kazi ya mama naiweza. Najua kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kufua, kupiga pasi, kutia wanga. Na nyuzi zote nazijua."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mbingu kabla ya kuanika.

"Haya," alisema. "Likizo hii ni yako. Mablanketi na mapazia utayakataa, maana yatakuvunja mgongo. Siku shule ikifunguliwa, wewe mwenyewe ndiye utakayeniambia kama u mtu wa kazi hii. Ukisema ndiyo, tutatafuta mtu wa kushika siku za masomo. Ukisema hapana, kinyozi ataingia. Mimi sitakulazimisha huku wala huko."

Povu alimrukia shingoni.

Nyuzi alizozitaja zilikuwa ni siri ya kazi yao. Mama hakuandika majina kwenye nguo za watu. Alitia uzi mfupi wa rangi ndani ya pindo, mahali ambapo mvaaji hauoni. Uzi mwekundu ulikuwa wa muuza nyama. Wa kijani ulikuwa wa nesi wa zahanati. Wa manjano ulikuwa wa familia ya watoto sita, ambayo soksi zake hazikuwahi kuwa pea. Povu alizijua rangi zote hizo kama anavyojua vidole vyake.

Basi kila asubuhi, bibi alipokuwa bado anasali, Povu alikwisha kujaza mabeseni. Aliloweka nyeupe peke yake, za rangi peke yake. Alisugua kola kwa ngumi, si kwa viganja, kama alivyofundishwa. Alisuuza maji matatu. Jambo moja tu lilimsumbua: hakuwa na saa. Mama alikuwa na saa ya mkono yenye mkanda wa ngozi ya kahawia, ambayo aliivua na kuitundika kwenye msumari kila alipotia mikono majini, na kwa saa hiyo alihesabu dakika za kuloweka. Baada ya maziko waliitafuta saa ile chini juu. Msumari ulikuwepo, saa haikuwepo. Watu wakasema itakuwa imepotelea hospitali, ambako mama alilazwa siku tisa na hakurudi.

Saa hiyo ingekuwa kitu pekee cha mama kilichobaki bila kuguswa na sabuni. Maana vitu vingine vyote vya mama, Povu alivifua. Katika wiki ya msiba, nyumba ikiwa imejaa watu, yeye hakujua aiweke wapi mikono yake, akaipeleka mahali ilipozoea. Alifua magauni ya mama, shuka zake, vitambaa vyake vya kichwa, na ile sweta ya kijivu ya asubuhi za baridi. Watu wakamsifu: mtoto huyu jamani, ana moyo. Siku chache baadaye alifungua kabati, akazika uso wake ndani ya sweta ile kumtafuta mama yake. Alikuta sabuni. Alivuta pumzi tena, kwa nguvu zaidi. Sabuni tu. Alifunga kabati polepole, wala hakumwambia mtu.

Wateja walirudi mmoja mmoja. Wengine walikuja kwa huruma, lakini baada ya wiki moja walikuja kwa sababu ya kazi yenyewe.

"We Povu!" alinguruma muuza nyama kutoka mlangoni, akipunga aproni yake. "Unataka kuniharibia biashara? Imekuwa nyeupe hivi, watu wanapita wananiuliza, mzee, siku hizi unauza maziwa?"

Benchi zima lilicheka. Povu alitabasamu, lakini macho yake hayakutoka kwenye shati la mtu mwingine. Ndivyo alivyokuwa. Mteja akiingia, yeye alitazama furushi. Mteja akisema, yeye alikwisha kugeuza kola kutafuta doa. Mikono yake ilikuwa myepesi sana, lakini watu walikuwa wakimchosha. Alijibu "ndiyo," alijibu "najua," akaomba kimoyomoyo waondoke ili abaki na nguo.

Siku moja alikuja rafiki yake wa dawati moja, msichana mwenye domo lisilofungwa, ambaye shuleni walimwita Redio. Redio alikaa kwenye benchi na wateja asubuhi nzima. Walipoondoka alisema, "Kumbe nesi anahamia ng'ambo ya mto! Utamkosa mteja wako."

"Nani kakwambia?"

"Kasema yeye mwenyewe, hapa hapa. Tena akakuuliza kama unaweza kumtengea nguo zake zote mapema. Ukamwambia 'ndiyo, najua.' Sasa ulikuwa unajua nini?"

"Nilikuwa napiga pasi."

"Na masikio nayo yalikuwa yanapiga pasi?" Redio alicheka hadi akashika mbavu. "Shoga yangu, wewe ungefaa uwe dobi wa maiti. Hawaongei."

Povu alimrushia kitambaa kibichi usoni, wakacheka wote. Mambo yakaishia hapo. Ingekuwa heri kama yasingeishia hapo.

Jumatano ya wiki ya tatu aliingia fundi saa. Alikuwa mzee mwenye kibanda cha kioo kando ya soko, mgongo umepinda kwa kuinamia saa za watu, na sauti ndogo kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Mkononi alibeba mfuko wa karatasi. Alikaa kwenye benchi, akangoja wengine wahudumiwe, kisha akatoa ndani ya mfuko gauni moja la zambarau, la kike, lenye vifungo vidogo vya mviringo. Alilishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Poleni sana na msiba. Nilichelewa kuja. Niliona... Hili gauni, mama yako huwa..."

"Najua, babu," alisema Povu, akilipokea. Macho yake yalikwisha kuona doa la mafuta, la siku nyingi, kwenye kola upande wa nyuma. Moyo wake ulichangamka. Doa kama lile lilikuwa mtihani wa fundi.

"Mimi huwa nasubiri hapa hapa kwenye benchi. Huwa hachukui muda."

"Najua, babu, ila leo foleni ni ndefu. Jumamosi asubuhi litakuwa tayari."

Mzee alitazama mafurushi yaliyojaa rafu, akatazama gauni. "Jumamosi," alirudia. Kisha aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti. "Na kuna kitu kingine nilitaka..."

"Jumamosi, babu. Yote Jumamosi."

Mkono ulitoka mfukoni mtupu. Mzee aliinuka, akalitazama gauni mara moja tena, akaenda zake.

Kesho yake Povu alitia ufundi wake wote kwenye gauni lile. Ndani ya kola alikuta uzi mweupe wenye fundo kubwa. Alishangaa. Mama hakuwa na mteja wa uzi mweupe. Tena uzi wenyewe ulionekana kabisa, mchafu kidogo, kama uzi wa kupigia bandi ambao fundi cherehani amesahau kuuchomoa. "Hata aibu," alisema Povu peke yake, akaukata kwa mkasi. Alisugua doa kwa ndimu na chumvi, akaliloweka gauni, akalifua kwa sabuni nzuri aliyokuwa akiitunza, akasuuza maji matatu, na ya nne akaongeza kwa mapenzi yake. Doa liliondoka. Aliianika kazi yake kwenye kamba uani, kivulini ili rangi isipauke, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Tangu mama afe hakuwahi kujisikia vizuri namna ile.

Mama muuza mkaa alitokeza ukutani kuomba moto. Aliona gauni. Kopo lilimponyoka, mkaa ukatawanyika.

"Nani kakwambia ulitie maji hilo?"

"Lilikuwa na doa, mama. Tena limetoka lote, hebu njoo uone."

"Mungu wangu!" Yule mama alijishika kichwa. "Mtoto, hilo ni gauni la marehemu mke wa fundi saa. Ana mwaka wa pili sasa amekufa. Hilo halifuliwi! Mama yako alikuwa analipiga pasi tu. Analifunika kwa kitambaa chenye unyevu, anapitisha pasi juu, mvuke unatoka, na ule mvuke ndio uliokuwa unaiamsha harufu ya mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi, wewe ukiwa shule. Mzee anakaa pale kwenye benchi anangoja. Akimaliza, mama yako anampa likiwa la moto, naye analishika hivi, usoni, dakika mbili. Halafu anakwenda zake."

Povu aliitazama midomo yake ikienda, kama mtu anayetazama watu wakizungumza nyuma ya kioo.

"Na ule uzi mweupe?" aliuliza hatimaye.

"Si ndiyo alama! Mama yako alitia ili hata siku akiwa amechoka asije akajisahau. Uzi mweupe, maji yasiguse."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye pindo la gauni, tone baada ya tone, juu ya udongo. Povu alikaa chini palepale. Hakuna aliyehitaji kumweleza alichokifanya. Alikifahamu kuliko mtu yeyote mtaani.

Jioni mama muuza mkaa alirudi, ameficha kitu ndani ya khanga yake. Kilikuwa kichupa kidogo chenye mafuta.

"Nimekuonea huruma," alinong'ona. "Marehemu alikuwa akipaka nywele mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Tulikuwa tunayachemsha pamoja, mimi na yeye. Tia tone moja kwenye kola, moja tu, upitishe pasi. Mzee hatajua. Si uongo, mwanangu. Ni kumsitiri."

Povu alipokea kichupa. Aliingia nacho chumba cha mbele, akakaa mbele ya gauni lililokwisha kukauka. Bibi alikuwa kwenye kigoda mlangoni akichambua maharage. Alikwisha kuambiwa yote. Hakuinua kichwa.

"Bibi," alisema Povu, "nikitia tone moja tu..."

"Kichupa ni chako," alisema bibi. "Gauni ni la mwenyewe. Mungu yupo, nami nipo hapa nachambua maharage. Amua."

Povu alifungua kifuniko. Harufu ilipanda, tamu, yenye joto. Ilikuwa nzuri. Mzee angefurahi. Angelishika gauni usoni dakika mbili na kwenda zake, na Jumatatu kazi ingeendelea kama kawaida, chumba kingebaki chao, na meza ya mama ingebaki mahali pake.

Alifunga kifuniko. Alikwenda kwenye kabati la mama, akaitoa sweta ya kijivu, akaiweka usoni. Akafikiri: kama mtu angeipulizia kitu, ili mimi nidhani ni mama? Kama siku moja ningekuja kugundua? Basi hata kile kidogo ninachokumbuka ningekitilia shaka. Nisingejua tena ni kipi mama na ni kipi chupa.

Alitoka, akampelekea jirani kichupa chake.

"Una roho ngumu wewe!" alisema mama muuza mkaa.

"Sina, mama," alijibu Povu, machozi yakimtiririka. "Ningekuwa nayo ningetia."

Jumamosi mzee aliwahi. Povu alikuwa amewasha pasi tangu alfajiri, si kwa kazi yoyote, bali kwa sababu hakujua afanye nini. Bibi alikaa kwenye kiti chake pembeni. Benchi lilikuwa tupu. Povu alikuwa amewaomba wateja wengine waje mchana, na ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda mlango kwa mlango kuzungumza nao.

"Shikamoo, babu. Karibu ukae."

Mzee alikaa. Aliona gauni mezani limekunjwa, akanyoosha mikono.

"Babu, kabla hujalichukua." Povu aliweka kiganja juu ya gauni. "Mimi nililifua. Nililitia maji, na sabuni, na ndimu. Uzi mweupe niliukata, sikujua maana yake. Ulitaka kuniambia Jumatano. Mimi nikasema najua. Sikuwa najua."

Mkaa ulilia kidogo ndani ya pasi.

Mzee alilichukua gauni, akaligeuza kola, akapitisha kidole gumba mahali doa lilipokuwa. Hakupandisha sauti. Labda hakuwa nayo ya kupandisha.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo ilipokuwa imebaki. Kwingine ilikwisha toka." Kisha akauliza, "Pasi ina moto?"

"Inao, babu."

"Hebu jaribu."

Povu alilitandaza gauni juu ya blanketi. Alilowesha kitambaa, akakikamua, akakiweka juu ya kola kama mama alivyokuwa akifanya, akapitisha pasi taratibu. Mvuke ulipanda. Mzee aliinama, akafumba macho, akavuta pumzi. Akangoja. Akavuta tena. Povu naye alikuwa akivuta, bibi naye pale kwenye kiti, wote watatu wakiitafuta harufu ya mwanamke mmoja katika chumba kile.

"Sabuni," alisema mzee. Alifumbua macho. "Ni sabuni nzuri."

Hapo Povu alishindwa. Aliweka pasi juu ya kibati cha kuiwekea, akafunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko.

"Nisamehe, babu. Hata za mama nilizifua zote. Zote! Sina hata moja. Nilijua inavyouma, na bado nimekufanyia wewe."

Mzee hakusema "si neno," maana lilikuwa neno kubwa. Hakusema "usilie." Alimtazama tu.

"Nilijua siku moja itakwisha," alisema baadaye. "Kila mwezi ilikuwa inapungua. Ila sikujua kama ni Jumatano."

Povu alijifuta kwa kiwiko, akamgeukia bibi yake.

"Bibi, uliniambia shule ikifunguliwa nikwambie. Nakwambia leo. Kufua naweza. Lakini mimi si mtu wa kazi hii, si sasa. Mama muuza mkaa aliniuliza kama napenda nguo au wenye nguo, nikacheka. Mtu akiingia namwona furushi. Mwambie kinyozi aje."

Bibi aliinuka. Aliikaribia meza, akaweka mkono wake mkavu juu ya kichwa cha mjukuu wake.

"Nilikuwa nakutazama wiki zote hizi," alisema. "Nikasema nimwachie Mungu akufunulie mwenyewe. Labda nilikosea kunyamaza, na mzee huyu anisamehe na mimi, maana nami nimo. Sikiliza, mwanangu. Wewe ulidhani mama yako alikuwa akiuza usafi. Usafi hata beseni linautoa. Mama yako aliwajua watu wake. Alijua nani anataka nguo ing'ae na nani anataka iachwe ilivyo, na asichokijua aliuliza. Kazi ndogo kama hii haina ukuta wala mlinzi. Inasimama juu ya watu wachache waliokuamini wakakupa vyao. Kabla hujasema unaiweza biashara, jiulize kama unaweza kumsikiliza mtu hadi mwisho, na kama unaweza kumwambia uso kwa uso kwamba umemharibia. Hilo la pili umeliweza leo, na watu wazima wengi linawashinda. Hilo la kwanza bado hujaliweza. Kusema 'bado' si aibu, ni kweli. Pasi hatuuzi. Tutaziweka juu ya kabati. Kinyozi ataingia, nawe utasoma, na Jumamosi utakwenda kwa dobi wa nyuma ya soko. Hutafua kitu. Utakaa mlangoni upokee watu, ujifunze kuwatazama usoni."

Povu aliitikia kwa kichwa. Alikunja gauni la zambarau upya, mikunjo minne, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Babu," alisema, na safari hii alimtazama machoni. "Jumatano ulisema kuna kitu kingine. Sikukusikiliza. Kilikuwa nini?"

Mzee aliweka gauni kwapani. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, ule ule wa Jumatano, akatoa saa ya mkono ndogo yenye mkanda wa ngozi ya kahawia, uliolika pembeni na kuwa mweusi kwa jasho na moshi wa mkaa. Ilikuwa inatembea.

"Mama yako aliniachia niitengeneze, siku mbili kabla hajalazwa," alisema. "Matengenezo yaliisha zamani. Nikawa naogopa kuileta."

Aliiweka mezani juu ya blanketi, mbele ya Povu, akaisogeza kidogo kwa kidole mbali na kitambaa chenye unyevu.

"Mkanda sikuugusa," alisema. "Usiutie maji."

Kisha akavaa kofia yake, akakumbatia gauni lake, akatoka.